Malipo ya akhera na madeni ya duniani

HAKUNA kauli inayotumika sana kwetu, mtu anapodhulumiwa, kuliko hii ya "namwachia Mungu." Mjane aliyenyang'anywa shamba na mashemeji zake huisema. Mstaafu aliyezungushwa miaka nenda miaka rudi kwa ajili ya kiinua mgongo chake huisema. Huisema kijana aliyepigwa kituoni kisha akaachiwa bila ya kushitakiwa, na mama yake huitikia: "Siku ya kiyama ipo." Ni kauli nzito, nami siicheki hata kidogo. Kwa mtu asiyekuwa na wakili, asiyekuwa na jamaa serikalini, na asiyekuwa tena na nauli ya kumfikisha mahakamani kwa mara ya kumi, hiyo ndiyo rufaa pekee iliyobaki mkononi mwake.

Lakini kauli hiyo ina msemaji wa pili ambaye mara nyingi hatumtaji. Dhalimu naye anaipenda. "Kama hakuridhika, amwachie Mungu," husema, kisha akaendelea kula. Kesi imepelekwa kwenye mahakama ambayo yeye anajua haitakaa leo wala kesho. Na baina ya leo na siku hiyo atakuwa na wasaa wa kwenda kuhiji, wa kujenga msikiti au kuezeka kanisa, na mwishowe wa kuzikwa kwa heshima zote.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo limekuwa likinisumbua tangu nianze kuishi ughaibuni, miongoni mwa watu ambao wengi wao hawana habari na pepo wala moto. Je, imani kwamba kuna maisha baada ya kifo inatufanya tuwe watu wema zaidi? Au inatupa tu mahali pa kuahirishia wema?

Swali lenyewe ni kongwe. Mwanafalsafa wa Kigiriki Plato, aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alilijengea kisa katika kitabu chake kijulikanacho kama "Jamhuri." Mchungaji mmoja anaokota pete ambayo akiigeuza kidoleni haonekani. Hachelewi. Anaingia katika jumba la mfalme, anamrubuni malkia, anamuua mfalme na kutwaa ufalme. Anayekisimulia kisa hicho kitabuni anauliza: kama pete kama hiyo angepewa mwizi, na nyingine akapewa mtu tunayemwita mwadilifu, kungekuwa na tofauti gani baina yao baada ya mwaka mmoja? Yaani je, wema wetu si woga tu wa kuonekana?

Kitabu kizima kinahangaika kulijibu swali hilo, na jibu la Plato ni kwamba uadilifu ni afya ya nafsi, kwa hivyo una thamani hata kama hakuna anayekuona na hata kama hulipwi chochote. Kinachonifurahisha ni mwisho wake. Baada ya kurasa zote hizo za kututhibitishia kwamba wema hauhitaji malipo, Plato anafunga kitabu kwa hadithi ya askari aliyekufa vitani akarudi kuelezea namna wafu wanavyohukumiwa, wema wakipanda juu na waovu wakishuka kuadhibiwa. Ni kama kwamba hata yeye hakuwa na uhakika kuwa hoja zake zitatosha, akaona bora amwekee msomaji na akhera kidogo kibindoni.

Sisi tuliosoma chuoni tukiwa wadogo hatukuhitaji pete ya Kigiriki. Tulifundishwa kwamba begani kulia yupo malaika na begani kushoto yupo mwengine, na wote wawili wanaandika. Pete haifui dafu mbele ya waandishi hao. Wenzetu waliokwenda Sunday school walifundishwa kitabu kinachofunguliwa siku ya hukumu. Mtoto aliyelelewa hivyo huona haya hata akiwa peke yake chumbani, na sidhani kama hilo ni jambo baya. Malezi mengi huanza na woga kabla ya kufika kwenye mapenzi.

Tatizo ni pale mtu mzima wa miaka hamsini anapobaki na woga ule ule wa mtoto, tena uliokwisha kuchuja. Waumini wenyewe walilitambua hilo zamani. Husimuliwa kisa cha Rabia wa Basra, bibi mcha Mungu wa karne ya 8, aliyeonekana akikimbia njiani na mwenge mkono mmoja na ndoo ya maji mkono wa pili. Alipoulizwa anakwenda wapi alisema anakwenda kuichoma pepo na kuuzima moto, ili watu wamwabudu Mungu kwa ajili Yake Mwenyewe na si kwa ulafi wa hiki wala hofu ya kile. Siku hizi masheikh wa jukwaani wanaotaja mabustani na moto kwa saa nzima sidhani kama wangemruhusu Rabia asogee karibu na kipaza sauti.

Tuje kwenye hali halisi. Mwaka 2010 taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani ilitoa ripoti juu ya dini katika nchi 19 za Afrika kusini mwa Sahara, zikiwemo zetu za Afrika Mashariki. Katika nyingi ya nchi hizo karibu watu tisa kati ya kumi walisema kuwa dini ni jambo muhimu sana maishani mwao. Sasa chukua orodha ya Transparency International inayopima jinsi rushwa inavyoonekana katika sekta ya umma, ambapo 100 ni usafi kamili. Mwaka 2023 Denmark, nchi ambayo Jumapili makanisa yake huwa karibu matupu, ilipata alama 90. Tanzania ilipata 40, Kenya 31, Burundi 20, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo 20. Na katika nchi zote hizi nne hakuna kikao cha maana kinachofunguliwa bila ya dua.

Kuna wanaozichukua takwimu hizo wakatangaza ushindi dhidi ya dini. Mimi siwafuati. Denmark haikuwa safi kwa sababu imeacha kusali. Ilijenga mahakama, ikalipa makarani wake vizuri, ikaweka hesabu za serikali hadharani, na mengi ya hayo yalianza enzi ambazo Wadenishi walikuwa Walutheri wa kweli kweli. Na kama kutoamini akhera kungekuwa dawa, Urusi ya Stalin, aliyepata kusoma seminari kabla ya kuipa mgongo dini, ingekuwa nchi ya malaika. Tunajua haikuwa hivyo.

Kwa hiyo takwimu hizo hazituambii kwamba imani ni mbaya. Zinatuambia kitu cha kawaida zaidi, na labda cha kuudhi zaidi: kwamba mtu anaweza kuamini kwa moyo wake wote kuwa atahojiwa kaburini, na bado akaiba dawa za hospitali. Mambo hayo mawili yanakaa ndani ya kichwa kimoja bila ya kugombana.

Mwaka 1973 wataalamu wawili wa saikolojia, John Darley na Daniel Batson, walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa seminari ya Princeton nchini Marekani, vijana waliokuwa wakisomea uchungaji. Waliwataka waende jengo la pili kutoa hotuba fupi. Baadhi yao walipewa wazungumzie kisa cha Msamaria Mwema, yule aliyemhurumia majeruhi njiani wakati kuhani na Mlawi walimpita. Njiani wataalamu walimweka mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kugumia. Waliokuwa na nafasi, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Walioambiwa kwamba wamechelewa na waharakishe, ni asilimia 10 tu waliosimama. Kwenda kuhubiri juu ya Msamaria hakukuleta tofauti ya kutajika. Wako waliomruka mtu yule wakikimbilia kwenda kusifu huruma.

Kuna utafiti mwengine wa karibuni zaidi. Mwaka 2012 Azim Shariff na Mijke Rhemtulla walilinganisha imani na uhalifu katika nchi 67, wakaona kwamba pale watu wanapoamini zaidi jehanamu uhalifu uko chini, na pale wanapoamini zaidi pepo kuliko jehanamu uhalifu uko juu. Wataalamu wanatahadharisha, na wana haki, kwamba mambo mawili kwenda pamoja si dalili kuwa moja limelizaa jengine. Lakini matokeo hayo yalinikumbusha jinsi tunavyozungumza misibani. Sijapata kuhudhuria maziko ya mkubwa yeyote ambapo msemaji alionyesha shaka kwamba marehemu amekwenda mahali pema. Pepo tunaigawa kwa ukarimu mkubwa. Moto tumewawekea watu wa dini nyingine.

Wapo pia waliosema kwamba wazee wetu wa bara, kabla ya misikiti na makanisa kufika, waliishi kwa maadili bila ya kuhitaji pepo wala moto. Aliyelieleza hilo kwa upana ni Profesa John Mbiti, kasisi wa Kianglikana kutoka Kitui, Kenya, aliyefundisha Makerere na kufariki dunia Uswisi mwaka 2019. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika alitumia maneno yetu mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza namna Waafrika wengi walivyouona wakati. Aliyekufa hakwendi mbali. Anabaki karibu na watu wa nyumbani kwake, akitajwa kwa jina na kumwagiwa kinywaji, hadi atakapokufa mtu wa mwisho anayemkumbuka. Hapo ndipo anapozama katika Zamani. Malipo ya akhera katika mfumo huo, kwa makabila mengi, hayakuwapo. Aliyekosa alilipa hapa hapa: kwa ng'ombe, kwa aibu, kwa kutengwa, au kwa maradhi yaliyosemekana kuwa yametokana na kosa lake.

Okot p'Bitek wa Uganda, ambaye hakuwa na subira na wasomi waliopenda kuyavisha mambo ya Kiafrika nguo za Kizungu, alimkosoa vikali Mbiti na wenzake, na mjadala ule bado unafaa kusomwa. Ila jambo moja nadhani halibishaniki. Katika vijiji vile mtu aliyeiba mbuzi hakuambiwa asubiri kiyama. Alimrudisha mbuzi na akaongeza mwengine juu yake.

Na sisi wa pwani, tulio na kiyama, tunao msemo unaokwenda njia hiyo hiyo: malipo ni hapa hapa duniani, akhera ni kwenda kuhesabiwa tu. Nimewasikia wahubiri wakiuita msemo huo upotofu. Mimi nadhani aliyeutunga aliijua dini yake vizuri kuliko wao.

Angalia jambo tunalolifanya kwenye kila jeneza bila ya kulitafakari. Kabla ya maiti kwenda kuzikwa, mtu mmoja husimama akatangaza: anayemdai marehemu, na anayedaiwa na marehemu, awaone wafiwa. Basi. Maneno hayachukui nusu dakika, na watu huwa wameshaanza kutafuta viatu vyao. Lakini hebu yafikirie. Huyu mtu ametawadhishwa, amevishwa sanda, na kwa mujibu wa itikadi yetu yuko njiani kwenda kwa Mola wake Mwenye kusamehe yote, na bado wenziwe wanamsimamisha kidogo mlangoni kumwuliza muuza samaki kama alilipwa.

Nakumbuka nilipokuwa kijana, mjomba wangu alipofariki, tangazo hilo lilipotolewa msikitini hakusimama mtu. Jioni, watu wamekaa matangani, alikuja mvuvi mmoja akamwita pembeni binamu yangu mkubwa. Alisema marehemu alichukua kwake pweza wa shilingi kadhaa wiki mbili nyuma, akaahidi atalipa Ijumaa, na Ijumaa yenyewe ndiyo hiyo aliyozikwa. Hakuja kudai, alisema. Amekuja kusamehe, lakini alitaka msamaha huo usikike na mtu, asije akasamehe peke yake chumbani halafu shetani akamrudisha. Binamu yangu alikataa msamaha. Alitoa pesa mfukoni akamhesabia hapo hapo, na mvuvi akazipokea akasema "dunia na akhera, sina deni naye." Sijui kama kuna falsafa ya maadili iliyonifundisha zaidi ya mazungumzo yale, na hayakuzidi dakika tano.

Walichokuwa wakikifanya wawili wale kina msingi mzito katika Uislamu. Wanazuoni wanatenganisha haki za Mungu na haki za waja. Ukiacha sala au ukivunja saumu, hilo ni baina yako na Yeye, na mlango wa toba uko wazi. Lakini ukila mali ya mtu, ukimpiga au ukimzulia, toba yako haikamiliki mpaka umrudishie au akusamehe yeye mwenyewe. Katika mapokezi mashuhuri imo habari kwamba Mtume alikuwa akijizuia kumsalia maiti aliyekufa na deni asiloliachia malipo, akiwaambia masahaba wamsalie wao, na kwamba shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Humo pia mna ile habari ya mufilisi. Mufilisi wa kweli, imeelezwa, si yule asiyekuwa na pesa. Ni yule atakayekuja siku ya kiyama na sala zake, saumu zake na zaka zake, lakini amemtukana huyu, amekula mali ya yule, amemwaga damu ya mwengine. Basi mema yake yatagawiwa wanaomdai, mmoja mmoja, na yakimalizika kabla ya madeni atatwishwa madhambi yao.

Soma tena habari hiyo kwa jicho la mwananchi wa nchi zetu. Hiyo si picha ya pepo na moto tunayoizoea. Ni chumba cha mahakama, na walalamikaji wamo ndani. Mungu hawalipii wadai kutoka kwenye hazina Yake ili mambo yaishe. Wanalipwa kutoka kwenye mfuko wa yule aliyewadhulumu. Hija iliyolipiwa na pesa za umma, basi, inaandikwa kwa jina la nani?

Wakristo nao wanayo hayo hayo, ingawa mahubiri ya siku hizi ya mafanikio na mbegu hayayataji sana. Katika Injili ya Mathayo anayekumbuka akiwa madhabahuni kwamba ndugu yake ana neno naye anaambiwa aiache sadaka pale pale, akapatane kwanza. Na Zakayo, mtoza ushuru aliyepanda mti, hakuishia kulia na kutoa ushuhuda. Luka anatueleza kuwa aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyemdhulumu kumrudishia mara nne. Tena wokovu wa nyumba yake ulitangazwa baada ya ahadi hiyo. Mayahudi kwa upande wao wanafundisha kwamba hata Siku ya Upatanisho, siku yao kuu ya toba, haifuti kosa ulilomfanyia mwenzako mpaka umridhishe kwanza.

Hapa Uingereza nilikuwa na jirani, mzee wa Kiingereza, dereva wa basi mstaafu, ambaye hakuamini lolote katika haya. "Nikifa nimekufa," alikuwa akiniambia, na aliniambia kwa furaha, kama mtu anayesema kwamba kesho ni siku yake ya mapumziko. Hakuwa wa ajabu: katika sensa ya mwaka 2021 asilimia 37.2 ya wakaazi wa England na Wales walisema hawana dini. Mzee huyo alikuwa akimnunulia mahitaji yake bibi mmoja mgonjwa wa ghorofa ya juu kila wiki, na chenji alikuwa akiirudisha ndani ya bahasha pamoja na risiti. Siku moja nilimwuliza, kwa udadisi wa kwetu, anatarajia nini. Hakulielewa swali. Nililieleza tena, na bado hakulielewa. Alisema bibi yule hawezi kushuka ngazi.

Alipofariki alichomwa, kama wengi wao siku hizi. Hakukuwa na dua. Binti yake alisoma karatasi mbili na wimbo ukapigwa. Hakuna aliyesimama kuuliza nani anamdai marehemu, na kwa fikra zangu za kipwani nililiona hilo ni pengo. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba wanalo tangazo lao. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1925 inayohusu wadhamini wa mali inampa msimamizi wa mirathi njia ya kujikinga: aweke tangazo katika London Gazette, gazeti la serikali linalotoka tangu karne ya 17, kuwataka wote wanaomdai marehemu wajitokeze katika muda usiopungua miezi miwili. Madeni hulipwa kwanza, warithi hufuata. Yeyote anayejua jinsi Sura ya An-Nisaa inavyoweka deni na wasia mbele ya mafungu ya mirathi hataona ugeni hapo. Ni tangazo lile lile la msikitini, isipokuwa badala ya hofu ya kaburi kuna hofu ya kushitakiwa.

Na hapo ndipo nilipo mimi katika mjadala huu. Jirani yangu amenithibitishia kwamba wema hauhitaji akhera ili uwepo, na sitamvunjia heshima kwa kudai kwamba eti alikuwa muumini bila ya kujijua. Mvuvi wa pweza amenithibitishia kwamba akhera, ikieleweka vilivyo, huivuta hesabu kuja karibu, hadi jioni ile ile ya maziko. Imani inayoisukuma hesabu mbali, ikamwambia aliyedhulumiwa anyamaze na dhalimu astarehe, ni kitu kingine. Watawala waliigundua faida yake zamani na wakaichukua.

Tazama wanavyozikwa viongozi wetu. Bendera inakunjwa, mizinga inapigwa, wasifu unasomwa kwa saa nzima, maaskofu na masheikh wanapokezana. Mimi, tangu utoto wangu, sijapata kusikia katika maziko ya kitaifa mtu akisimama mbele ya maelfu uwanjani akasema kwa sauti: anayemdai marehemu ajitokeze. Tunamwuliza hivyo mchuuzi wa ndizi. Mtu aliyeshika hazina ya nchi kwa miaka kumi hatumwulizi.

Wazanzibari tunalo deni moja ambalo halijazimika katika kumbukumbu. Tarehe 26 na 27 Januari 2001, baada ya uchaguzi wa Oktoba 2000 uliovurugika, vikosi vya dola viliwafyatulia risasi watu waliokusanyika na kuandamana, Unguja na zaidi Pemba. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2002, lilisema waliouawa hawakupungua 35. Tume iliyoundwa na serikali chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilitaja idadi iliyo chini kidogo ya hiyo. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari kwa madau na mashua hadi Shimoni, pwani ya Kenya. Kwa mara ya kwanza Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, ilitoa wakimbizi wake yenyewe. Baadhi yao wamo katika miji ya Uingereza hadi leo, na watoto wao wanazungumza Kiingereza cha huku.

Rais wa wakati ule, Benjamin Mkapa, Mkatoliki aliyesomeshwa na wamisionari, aliandika kwa majuto juu ya mauaji yale katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2019. Alifariki dunia Julai 2020. Nilikisoma kitabu kile kwa hisia mbili. Ya kwanza ni kwamba alikuwa nao uungwana wa kuandika alichokiandika akiwa hai na kwa jina lake, jambo ambalo wengi wa rika lake hawakulifanya. Ya pili ni kwamba kujuta katika kitabu si sawa na kumwita mtu pembeni ukamhesabia. Miaka 18 ilikuwa imepita. Wako wajane waliokwisha kufa.

Na hao waliokufa ndio wanaonizuia kumfuata jirani yangu moja kwa moja. Mwanafalsafa wa Kijerumani Immanuel Kant alishikilia kwamba wema unaofanywa kwa tamaa ya malipo si wema. Hata hivyo, katika kitabu chake cha mwaka 1788 alihoji kwamba akili yenyewe ya maadili inatulazimisha tutarajie uhai baada ya kifo na Mungu wa kuhukumu, kwa sababu ulimwengu huu hauwapi wema stahiki yao. Kwa lugha nyepesi alikuwa akisema lile analolisema mama wa kijana aliyepigwa kituoni. Mahakama iliyo bora kuliko zote duniani, hata ikija kesho Zanzibar na majaji wake wakawa malaika, haiwezi kumrudishia kitu mtu aliyepigwa risasi akielekea sala ya Ijumaa. Inaweza kumfunga muuaji. Inaweza kuwalipa fidia watoto. Yeye mwenyewe haimfikii. Ama anafikiwa kwengine, ama hafikiwi kabisa, na hilo la pili nafsi yangu inakataa kulikubali. Huu si ushahidi, najua. Mwanafunzi yeyote wa mantiki wa mwaka wa kwanza ataniambia kwamba kutamani kitu kiwepo hakukifanyi kiwepo, na sina la kumjibu.

Miaka michache nyuma nilizungumza na mzee mmoja wa Kipemba anayeishi katika mji wa kaskazini mwa Uingereza, aliyevuka kwenda Shimoni mwaka ule na hakurudi tena. Ndugu yake alizikwa haraka haraka bila ya yeye kuwepo, na hitima aliisoma peke yake, miezi baadaye, katika chumba cha kupanga. Nilimwuliza kama bado anataka waliohusika wapelekwe mahakamani, au ameshamwachia Mungu. Aliniangalia kama ambavyo jirani yangu aliniangalia niliposema habari za thawabu. Alisema yeye kwa Mungu ameshapeleka, zamani, na hana wasiwasi nako. Sasa anataka jina la yule aliyetoa amri, lisomwe redioni, wakati mama yake bado anasikia.